KUWAFUNDISHA WATOTO KULINGANISHA

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda katika somo hili kuzungumza na wazazi na waalimu juu ya jambo lililo dogo kwa sura na kubwa kwa matokeo yake.

Siku moja darasani petu hapa Katelembo twaliwauliza watoto: "Mtu amekufa, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke ana thumuni na mama ana sudusi. Ni nani mwenye fungu kubwa?" Wengi wakajibu kwa pamoja: "Mke, kwani nane ni zaidi ya sita!"

Watoto hawa mafungu ya mirathi wameyahifadhi barabara. Kosa halikuwa lao, lilikuwa letu sisi tuliowahifadhisha majina ya mafungu tusiwaonyeshe mafungu yenyewe. Na lau mmoja wao angaligawa mali kwa fahamu hiyo, angalimdhulumu mama wa maiti, na huku adhani ametenda haki.

Basi tukaweka maharagwe 24 juu ya mkeka. Mmoja akayagawa mafungu manane yaliyo sawa, akahesabu fungu moja, akapata 3. Hilo ni la mke. Tukayakusanya tena yote, na mwengine akayagawa mafungu sita, akapata 4. Hilo ni la mama. Yaliyosalia, 17, ni ya mwana. Hapo wakafahamu wenyewe kwamba kitu kimoja kikigawanywa zaidi, kila fungu hupungua. Twawashauri waalimu washike mwendo huu: kitu mkononi kwanza, tarakimu ubaoni baadaye.

Somo la pili ni kuwa na kipimo kimoja. Mtoto mkubwa na mtoto mdogo waupime mkeka mmoja, kila mtu kwa shubiri zake. Hesabu zitatafautiana, na mkeka ni ule ule. Kisha waupime wote wawili kwa kijiti kimoja, na hesabu zitaafikiana. Baada ya hayo waleteeni gorogoro mbili za kupimia nafaka, moja nzima na moja iliyobonyezwa kitako kwa ndani. Ukizitazama kwa nje ni sawasawa. Ijazeni maji ile nzima, myamimine katika ile iliyobonyezwa, nayo yatafurika. Mtoto aliyeyaona maji hayo yakimwagika hatahitaji maneno mengi kufahamu kwa nini Sura al-Mutaffifin imewaonya wenye kupunja vipimo.

Somo la tatu ni la mizani. Fungeni uzi katikati ya kijiti, na mtundike mikebe miwili kwenye ncha zake. Kwanza kijiti kilale sawa hali mikebe ni mitupu, kwani mizani iliyopotoka tangu mwanzo haihukumu. Kisha tieni kikombe cha ndengu upande mmoja na kikombe cha pumba upande wa pili. Vikombe vilijaa sawa, walakini mizani itaelemea kwenye ndengu. Basi ukubwa ni jambo moja na uzito ni jambo jengine. Na elimu hii si ngeni kwetu. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alilinganisha uzito wa madini na vito vyenye ukubwa mmoja, na al-Khazini akaandika kitabu kizima juu ya mizani mwaka 1121.

Somo la nne ni la udongo. Toboeni mikebe miwili matundu yaliyo sawa, mmoja mtie udongo wa kichanga na mmoja wa mfinyanzi, kwa kiasi kimoja. Kila mmoja mmiminie kikombe kimoja cha maji, mtazame ni upi unaoyapitisha upesi. Kila kitu sharti kiwe sawa ila udongo peke yake, kwani mambo mawili yakigeuka pamoja, haijulikani ni lipi lililoleta tafauti. Khasa katika nchi hii ya Machakos, ambapo mvua ni ya kuhesabiwa na milima imekatwa matuta ili maji yasikimbie, hili ni somo la chakula.

Huenda mtu akasema: "Haya ni mambo ya dunia, chuoni hayana pahala." Twamjibu: je, mirathi ni ya dunia? Zaka je? Mazao yaliyomea kwa mvua hutolewa fungu moja katika kumi, na yaliyonyweshwa kwa taabu na gharama hutolewa fungu moja katika ishirini. Asiyejua kulinganisha mafungu hayo ataitoaje haki ya maskini? Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, alitulaumu Waislamu kwa kubaki nyuma katika elimu. Lawama hiyo ingali shingoni mwetu.

Enyi waalimu, maharagwe 24 hayana gharama. Anzeni nayo juma hili, na muwaulize watoto wenu suala lile lile tuliloliuliza sisi. Mungu atuwafikie sote katika lililo la haki. Amin.