Spea Zimebaki Stoo: Kabla Hujaziuza

Pikipiki ya pili ilipogongwa, uliifungua ukatoa ulichohitaji ili ya kwanza irudi barabarani. Stoo kumebaki fremu, injini, kabureta, rimu mbili na shoki za nyuma. Uwauzie watu wa bodaboda kimoja kimoja, umwachie fundi zote kwa jumla, au uzipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu zipimwe kwa kilo?

Bei baadaye. Kwanza tenga vyenye namba na visivyo na namba. Fremu ina namba ya chasisi, injini ina yake, na polisi wakifuatilia pikipiki iliyoibwa huanzia hapo. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamfunga hadi miaka 14 anayepokea au kuuza mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa imeibwa. Wewe hukuiba, sawa. Lakini siku fundi wako akiulizwa injini ile ameitoa wapi, atakutaja, na hapo utatakiwa kuonyesha logbuku. Ikiwa pikipiki ilikuwa ya mkopo na jina la mkopeshaji bado limo kwenye logbuku, usiuze hata rimu kabla hajakuruhusu kwa maandishi. Hapa ndipo vijana wengi wa stejini huponzwa: wanadhani pikipiki ikishakufa, deni nalo limekufa.

Ubora je? Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, mtu anayeuza vitu vyake vya nyumbani habebeshwi mzigo wa muuza duka wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambaye spea ndiyo biashara yake. Hata hivyo maneno yako yanakufunga. Ukisema kabureta ni ya Boxer 150 na sivyo, mnunuzi ana haki ya kuikataa na kudai pesa zake. Rimu imepinda? Mwonyeshe, kisha andika "imepinda" kwenye karatasi ya mauziano.

Vyuma chakavu vina sheria yake ya mwaka 2015. Biashara hiyo ilisimamishwa Januari 2022 baada ya mitambo ya umeme kuharibiwa, ikafunguliwa Mei mwaka huohuo. Mnunuzi akuonyeshe leseni kwanza. Bei ya kilo, kusema kweli, ni ya kutupa. Mpelekee vilivyovunjika tu.

Ningekuwa wewe, vidogovidogo ningempa fundi kwa jumla, kabureta na shoki nzima ningeuza peke yake. Injini na fremu ni kwa maandishi: tarehe, bei, namba zilizochongwa, nakala za vitambulisho vyenu wawili na sahihi. Mkumbushe mnunuzi kwamba akiifunga injini hiyo kwenye pikipiki nyingine, mamlaka ya usafiri, NTSA, lazima ijulishwe. Usikwangue namba yoyote, hata ukiombwa. Na anayekataa kutoa kitambulisho, usimuuzie injini, hata akiongeza pesa.