Tochi ya Mrina Asali: Kuchagua Draiva ya LED Inayofaa

Kitui na Makueni, kurina asali kwa kawaida ni kazi ya usiku. Nyuki wa nyanda hizi kavu ni wakali, na mizinga ya magogo hutundikwa mitini mbali na nyumba. Mrinaji husubiri giza liingie, nyuki wawe wamerudi mzingani na makali yao yamepungua, ndipo apande na bomba lake la moshi. Anahitaji mwanga, lakini mwanga mweupe wa tochi huwavuta nyuki moja kwa moja usoni pake. Mwanga mwekundu hauwasumbui hivyo. Mapema katika karne ya 20, Karl von Frisch, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwa majaribio kwamba nyuki hutambua rangi lakini nyekundu hawaioni.

Wengi hufunika kioo cha tochi kwa karatasi nyekundu ya nailoni. Inasaidia, ila ni hasara tupu: LED nyeupe ina mwanga mwekundu kidogo sana, kwa hiyo karatasi huzuia sehemu kubwa ya mwanga huku betri ikiisha kwa kasi ile ile. Afadhali uunde tochi yenye LED nyekundu yenyewe, ikiwezekana ile nyekundu iliyokolea ya nanomita 660. Kisha uongeze LED nyeupe ya kutembelea, kwa sababu njia ya kwenda mzingani ina vifutu na swila, na tochi ni miongoni mwa kinga za kwanza dhidi ya kuumwa na nyoka usiku. Fundi yeyote wa redio mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuiunda. Kinachowashinda wengi ni draiva, yaani ile saketi ndogo inayokaa kati ya betri na LED.

LED haifanyi kazi kama balbu ya waya ya zamani. Chini ya volti fulani haiwaki kabisa, na ikishavuka hapo, nyongeza ndogo ya volti huleta nyongeza kubwa ya mkondo. Tena inapopata joto, volti inayohitaji hushuka, mkondo huongezeka, joto nalo huzidi, mpaka inaungua. Kwa hiyo kazi ya draiva ni kushika mkondo usipande, hata betri ikiwa imejaa pomoni. Ukienda dukani ukauliza tu draiva ya volti ngapi, utapewa kitu kisichokufaa. Jua kwanza volti za betri yako ikiwa imejaa na ikiwa karibu kwisha, volti za LED yako, na mkondo unaoutaka.

Tuchukue betri ya lithiamu aina ya 18650, ambayo upana wake ni milimita 18 na urefu 65. Ikijaa ina volti 4.2, wastani wake ni 3.7, na haifai kutumiwa ikishuka chini ya 3.0. LED nyeupe yenye nguvu huhitaji takriban volti 3 ikipewa miliampea 350, na nyekundu takriban 2.2. Kwa kuwa betri iko juu ya LED zote mbili karibu muda wote, hakuna haja ya draiva ya kupandisha volti. Inatosha ya kubana mkondo, na kwa kazi hii napendekeza chipu ya AMC7135 bila kusita. Ukubwa wake unakaribia punje ya ndengu, ina miguu mitatu, haihitaji koili wala rezista, na hupitisha takriban miliampea 350 tu. Ukitaka zaidi, unaziunganisha sambamba: nne hutoa ampea 1.4, nane hutoa 2.8. Mara nyingi huuzwa zikiwa zimeshalehemiwa kwenye kibao cha duara chenye kipenyo cha milimita 17.

Uzuri wake kwa mrina asali ni kwamba chipu moja inatosha LED zote mbili. Inashika mkondo, si volti, kwa hiyo haijali kama mbele yake kuna nyeupe ya volti 3 au nyekundu ya 2.2. Unganisha hasi za LED zote mbili kwenye mguu wa kutoa wa chipu, kisha chanya zao uzipeleke kwenye swichi ya kuchagua. Swichi kuu iwe kabla ya hapo na ikate umeme wa chipu pia, la sivyo itanyonya betri polepole wakati tochi imelala kabatini. Betri halisi ya miliampea-saa 2,500 itawasha rangi yoyote kati ya hizo kwa karibu saa saba.

Draiva ya koili ya kushusha volti ingeifikisha nyekundu karibu saa kumi, maana chipu ya kubana hugeuza volti zinazobaki kuwa joto. Lakini ina vipande vingi, na kipande kikiharibika Mutomo au Kyuso, kingine hakipatikani jirani. Saa saba zinatosha usiku mmoja wa kurina. Ningechagua kinachorekebishika.

Betri ikiwa tofauti, jibu hubadilika. Mawe mawili makubwa ya volti 1.5 hutoa 3.0 yakiwa mapya na huteremka hadi 2.0, hivyo LED nyeupe itafifia mapema bila draiva ya kupandisha. LED ndogo nyekundu ya miliampea 20, kwa upande wake, huridhika na rezista moja ya omu 47. Kwa betri ya pikipiki ya volti 12, chipu ya kubana ingeungua kwa joto. Hapo tumia ya koili kama PT4115, inayopokea volti 6 hadi 30. Mkondo wake huamuliwa na rezista moja: gawanya 0.1 kwa omu za rezista hiyo upate ampea. Omu 0.33 hutoa takriban miliampea 300.

Duka la vipuri likiwa mbali, maduka ya Barabara ya Luthuli, Nairobi, huuza bidhaa hizi na hutuma mizigo kwa basi. Draiva ikifika, ijaribu kabla ya kuifunga ndani ya kasha. Weka multimita kwenye kipimo cha ampea, iunganishe katika mstari kati ya betri na draiva, kisha soma mkondo kwa betri iliyojaa na kwa betri iliyotumika hadi karibu volti 3.6. Draiva ya kubana ya kweli itaonyesha karibu namba ile ile mara zote mbili. Namba ikishuka pamoja na betri, ulichouziwa ni rezista iliyovalishwa jina la draiva. Acha tochi iwake dakika kumi, kisha gusa kibao cha alumini kilichobeba LED. Ukishindwa kukishika, joto halina pa kwenda, na LED hiyo haitadumu. Kiegemeze kwenye bomba la chuma la tochi na upake losheni ya kupitisha joto katikati.

AMC7135 haizuii betri kuisha kupita kiasi, kwa hiyo nunua betri yenye ulinzi wake au tumia kibao cha kuchaji cha TP4056 chenye saketi ya ulinzi. Kibao hicho huchaji hadi volti 4.2, kwa hiyo usikitumie kwa betri za lithiamu-chuma-fosfati, ambazo kikomo chake ni 3.65.

Ukiamua kubomoa tochi ya zamani ya kuchomeka ukutani ili upate kasha, ichomoe kwanza. Nyingi za bei ya chini hazina transfoma, na umeme wa volti 240 hufika hadi kwenye nyaya za ndani. Na ukiona 18650 imeandikwa miliampea-saa 9,900, irudishe kwa muuzaji. Hata betri bora za ukubwa huo hazikaribii namba hiyo.