Ukipangiwa Kazi Longido

Barua ya ajira au ya uhamisho ikitaja Longido, watu wengi huanza kuulizia nyumba. Anza na maji. Ukishajua maji yapo wapi na katika mwezi gani, utaelewa kwa nini darasa lako limepungua wanafunzi Septemba, kwa nini mama aliyeahidi kurudi kliniki hajarudi, na kwa nini mkutano ulioitishwa saa nne asubuhi umepata watu saa nane mchana.

Kufika mjini si kazi. Longido ipo kando ya lami itokayo Arusha kwenda Namanga, kilomita kama 80 kaskazini ya Arusha, chini ya mlima wenye jina hilohilo. Mbele kidogo ni mpaka, na ng'ambo yake ni Kajiado, Kenya, kwa Wamasai vilevile. Ukoo mmoja una watu pande zote mbili, na mifugo inauzwa huku na kule. Lakini wilaya, iliyomegwa kutoka Monduli mwaka 2007, ni kubwa mno kuliko mji. Magharibi inafika Ziwa Natron, mashariki inafika uwanda ulio chini ya Kilimanjaro. Kwa hiyo hakikisha barua yako inasema Longido mjini au inasema Gelai, Ketumbeine ama Engarenaibor. Mjini utashuka kwenye basi na kutembea kwa miguu hadi ofisini. Kwenda Gelai wakati wa masika hakupangwi kwa saa, hupangwa kwa siku, kwa sababu ya makorongo. Korongo kavu kabisa linaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha milimani, wewe ukiwa kwenye jua. Ukikuta maji yanapita, simama usubiri yapungue, hata kama boda anakuambia atavuka.

Ukavu wa nchi hii una sababu. Upepo wenye mvua hutoka Bahari ya Hindi, ukifika Kilimanjaro na Meru unamwaga sehemu kubwa huko, na uwanda ulio nyuma ya milima hiyo unapata kilichobaki. Vuli huja Novemba na Desemba, masika Machi hadi Mei, na kati ya Juni na Oktoba usitegemee tone. Mlima Longido wenyewe, wenye zaidi ya mita 2,600, una msitu kileleni unaonasa ukungu, na chemchemi zake ndizo zilizoubeba mji kwa miaka mingi. Hata vita vimepita hapa na kukwama kwenye maji: Novemba 3, 1914 jeshi la Waingereza lilipanda kuwang'oa Wajerumani mlimani, likarudi nyuma likiwa na kiu.

Baadaye ulizinduliwa mradi wa bomba linaloleta maji ya Mto Simba kutoka upande wa Kilimanjaro, na hali ya mji ikabadilika sana. Hata hivyo, nunua simtanki au angalau madumu kadhaa ya lita 20 kabla hujanunua kochi. Vijijini bado utawaona akina mama wakitoka alfajiri na punda kwenda kuchota, na mwendo huo ndio unaokula asubuhi yao. Anayepanga siku ya chanjo au kikao cha wazazi bila kuuliza punda wanarudi saa ngapi anajitafutia ukumbi mtupu.

Malisho yana utaratibu ambao mgeni haoni kwa macho. Karibu na boma huachwa eneo la nyasi, olopololi, kwa ajili ya ndama, mifugo migonjwa na ng'ombe wanaonyonyesha. Halina uzio, na mtu asiyejua atadhani ni uwanja mtupu, akapitisha gari au akalisha mbuzi wake. Usifanye hivyo, hiyo ni akiba ya miezi ya njaa, na wazee wana faini zao. Kiangazi kikikaza, vijana huhama na ng'ombe wakubwa kwenda mbali, wakati mwingine wilaya nyingine kabisa, na bomani hubaki wazee, akina mama, watoto na mbuzi wachache wa maziwa. Mwaka 2009 mvua zilikataa na mifugo ikafa kwa wingi sana kaskazini yote. Familia zilizokuwa na mali zikabaki na fimbo. Ukimwona baba anasita kulipa mchango wa shule Oktoba, usimhukumu haraka: ng'ombe aliyekonda hapati bei mnadani, na kumuuza wakati huo ni kumtupa.

Ukialikwa bomani utapewa maziwa au chai ya maziwa. Tazama kibuyu kinavyoandaliwa, ni kazi ya ustadi. Mama huchukua kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, anakichoma hadi ncha iwe kaa jekundu, anakiingiza kibuyuni na kusugua kuta zake zote za ndani, kisha anakung'uta majivu kwa usinga. Kibuyu kinapata harufu ya moshi na maziwa hayaharibiki upesi. Kwa hiyo chembe nyeusi utakazoziona si uchafu. Tahadhari inayofaa ni nyingine: maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya brusela na kifua kikuu, na moshi hauviui. Chai imechemka, kunywa bila hofu, na ukiishi huko chemsha maziwa yako kila siku.

Kati ya magonjwa ya mifugo, kimeta ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko yote, kwa kuwa kinaua mtu aliyekusudia tu kuokoa nyama. Ng'ombe, mbuzi au nyumbu akifa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, mdomoni au nyuma, asipasuliwe, asichunwe, asiliwe, wala asiburutwe. Zuia watoto na mbwa, mwite afisa mifugo ili mzoga uchomwe au ufukiwe kwa kina. Mtu aliyeugusa akitokwa na kidonda kisichouma chenye weusi katikati, aende kituo cha afya siku hiyohiyo na aseme wazi kwamba aligusa mzoga. Dawa ipo na inaponya ukiwahi. Chanjo ya mifugo nayo ipo, na ni vizuri kuiulizia kabla ugonjwa haujafika kijijini.

Salamu hazina njia ya mkato. Mwanamume husalimiwa "Sopa!" naye huitikia "Epa!", mwanamke husalimiwa "Takwenya!" akaitikia "Iko!" Mtoto atakuinamishia kichwa: weka kiganja chako utosini, ndiyo salamu yake, na ukipita tu umemnyima. Mama mtu mzima mwite Yeyo. Idadi ya ng'ombe au ya watoto usiiulize mbele ya watu. Kama unaihitaji kwa kazi, kaa na mwenye boma faragha umweleze takwimu ni za nini. Picha, omba kwanza.

Kila rika lina laigwanani wake, kiongozi anayesikilizwa kuliko tangazo lolote la kipaza sauti. Mwenyekiti wa kijiji ni lango la serikali, na barua yako ipitie kwake, lakini mtafute laigwanani kabla ya siku ya mkutano, umweleze jambo taratibu, umpe muda wa kulizungumza na wenzake chini ya mti. Akilikubali, watu watakuja.

Kwa jambo moja usisubiri kikao. Kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 ni kosa tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanampa kifungo cha miaka 30 anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Binti mwenyewe mara nyingi huja kwa mwalimu au muuguzi kwanza, tena kabla ya likizo ndefu. Msikilize bila kumuuliza mbele ya wengine, usimrudishe nyumbani "ukaongee na baba", na siku hiyohiyo mjulishe afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na kuipiga ni bure.