Dawa Kutoka Udongoni: Safari ya Ivermektini hadi Delta ya Rufiji

Harufu inayopanda kutoka ardhini mvua ya kwanza inaponyesha Kibiti hutokana kwa sehemu kubwa na bakteria wa jamii ya Streptomyces. Bakteria hao hutengeneza kemikali nyingi, baadhi zikiwa silaha dhidi ya vijidudu vingine. Katika kemikali hizo binadamu amepata dawa. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya viuavijasumu kutibu kifua kikuu, iligunduliwa Marekani mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongo.

Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Japani Satoshi Ōmura alikusanya udongo wa sehemu mbalimbali nchini mwake, akaotesha bakteria waliokuwamo na kuteua wale walioelekea kutoa kemikali ngeni. Huko Marekani, William Campbell alionyesha kuwa kemikali ya mmoja wao, Streptomyces avermitilis, huua minyoo wa wanyama. Kemikali hiyo ilirekebishwa, ikawa ivermektini. Mwaka 2015 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Kwa wakazi wa delta, dawa hiyo si habari ya mbali. Matende na mabusha huletwa na minyoo wanaoenezwa na mbu. Mpango wa taifa wa kuutokomeza ugonjwa huo ulianza mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia, mkabala na delta, kwa kutoa ivermektini pamoja na albendazoli mara moja kwa mwaka. Ivermektini huua viluwiluwi vya minyoo vilivyomo katika damu, lakini haiwaui minyoo wakubwa, ambao huishi miaka kadhaa na kuendelea kuzaa. Ndiyo sababu anayejisikia mzima hushauriwa naye kumeza dawa kila awamu ya kingatiba. Wajawazito na watoto wadogo hawapewi.

Kupata kemikali mpya ni kazi ngumu. Bakteria wengi wa udongo hawaoti maabara, na wanaoota mara nyingi hutoa kemikali zilizokwisha kujulikana. Kwa hiyo watafiti huelekea kwenye mazingira yasiyo ya kawaida, kama matope ya mikoko, yenye chumvi nyingi na oksijeni haba. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki. Hata hivyo, kila kemikali lazima itenganishwe, itambuliwe umbo lake, na ipimwe usalama na kipimo chake kabla ya kumfikia mgonjwa. Kazi hiyo huchukua miaka mingi.

Ni muhimu mhudumu wa afya alieleze hili kwa wazazi: dawa hutoka udongoni, lakini udongo si dawa. Bakteria wa pepopunda nao huishi humo humo. Udongo usipakwe kwenye kidonda wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga.