Somo la Kumi na Saba: Kunoa Picha za Nyota

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba darubini hukusanya mwanga wa vitu vilivyo mbali sana. Mwanga huo ukiingia katika kamera, hutoa picha. Mara nyingi picha hiyo huwa na ukungu. Katika somo hili utajifunza asili ya ukungu huo, jinsi kompyuta inavyoupunguza, na kwa nini kazi hiyo inahitaji uangalifu mkubwa.

Kazi ya kuipunguzia picha ukungu huitwa kunoa picha. Kisu butu kikinolewa juu ya jiwe hupata makali. Hata hivyo, jiwe halikiongezei kisu chuma. Likumbuke jambo hili mpaka mwisho wa somo.

KWA NINI PICHA HUWA NA UKUNGU

Usiku usio na mawingu, tazama nyota. Utaona zinametameta. Nyota zenyewe hazifanyi hivyo. Mwanga wake hupita katika hewa inayoizunguka dunia. Hewa hiyo haitulii: sehemu yenye joto hupanda na sehemu yenye baridi hushuka, na kila sehemu huupinda mwanga kwa namna yake.

Jaribio la 1
Vifaa: karai, maji safi, sarafu.
(a) Weka sarafu ndani ya karai, kisha mimina maji hadi nusu.
(b) Ngoja maji yatulie. Je, unaweza kusoma maandishi ya sarafu?
(c) Yatikise maji kwa kidole, kisha tazama tena.

Umeona nini? Maji yanapotikisika, sarafu huonekana kama inacheza na maandishi yake hayasomeki. Lakini ukitazama kwa subira, utaona kwamba kuna nafasi fupi ambazo sarafu huonekana vizuri.

Wapigaji picha za sayari huzitumia nafasi fupi za namna hiyo. Hupiga picha mamia au maelfu kwa dakika chache. Programu ya kompyuta huchagua zilizo bora, huzilinganisha moja juu ya nyingine, kisha hutafuta wastani wake. Kufanya hivyo kuna faida nyingine. Picha moja huwa na chembechembe kama mchanga uliomwagwa juu ya karatasi. Chembe hizo hazikai mahali pamoja katika kila picha. Kwa hiyo wastani wa picha 100 huzipunguza mpaka kufikia kiasi cha sehemu moja ya kumi. Ni lazima kazi hii ifanywe kwanza, kwa sababu kunoa hukuza chembechembe pamoja na picha.

PICHA NI HESABU

Ndani ya kamera, picha hugawanywa katika miraba midogo sana. Kila mraba hupewa namba inayoonyesha kiasi cha mwanga ulioufikia. Giza ni namba ndogo. Mwanga mkali ni namba kubwa. Kwa kuwa picha ni namba, tunaweza kuinoa kwa hesabu.

Jaribio la 2
Chora miraba saba katika daftari lako na uandike namba hizi. Upande wa kushoto ni anga lenye giza, na upande wa kulia ni ukingo wa Mwezi.

Mraba: A, B, C, D, E, F, G
Mwanga: 2, 2, 2, 5, 8, 8, 8

(a) Kuanzia B hadi F, tafuta wastani wa kila mraba pamoja na jirani zake wawili. Kwa mfano, wastani wa C ni 2 + 2 + 5, yaani 9, gawanya kwa 3. Jibu ni 3.
(b) Linganisha namba ya mraba na wastani wake. Kama namba ni kubwa kuliko wastani, iongezee tofauti. Kama ni ndogo, ipunguzie tofauti.
(c) Andika namba mpya. A na G ziache kama zilivyo.

Utapata: 2, 2, 1, 5, 9, 8, 8.

Hapo kwanza tofauti kati ya C na E ilikuwa 6. Sasa ni 8. Ukingo wa Mwezi umeonekana wazi zaidi, na hivyo umeinoa picha kwa penseli. Kabla ya kompyuta kuenea, kazi ya namna hii ilifanywa katika chumba cha giza, kwa kuweka nakala yenye ukungu juu ya filamu ya picha ile ile. David Malin, mpigaji picha za nyota huko Australia, alijulikana kwa ustadi huo katika miaka ya 1970.

HATARI YA KUNOA KUPITA KIASI

Rudia Jaribio la 2, lakini safari hii ongeza au punguza tofauti mara mbili. C itakuwa 0, na E itakuwa 10. Zitazame vizuri. C imekuwa na giza kuliko anga lenyewe, na E ina mwanga kuliko Mwezi wenyewe. Katika picha nzima, jambo hili hutokea kama mstari mweusi na mstari mweupe ukingoni. Mistari hiyo haiko angani. Tumeitengeneza sisi kwa hesabu yetu.

Je, kosa la mistari miwili lina madhara gani? Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli wa Italia aliitazama sayari ya Mirihi kwa darubini, akachora mistari mingi. Baadaye Percival Lowell wa Marekani alifundisha kwamba mistari hiyo ni mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili. Watu wengi waliamini. Mwaka 1965 chombo kilichoitwa Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi na kuipiga picha. Hapakuwa na mifereji. Macho ya watu yalikuwa yameunganisha madoa hafifu yakawa mistari. Kompyuta inayotumiwa vibaya inaweza kutudanganya vivyo hivyo.

DARUBINI ILIYOKUWA NA KIOO KIBOVU

Tarehe 24 Aprili 1990, darubini iitwayo Hubble ilirushwa kwenda angani, kiasi cha kilomita 600 juu ya ardhi, mahali ambapo hewa haiwezi kuharibu picha. Kioo chake kikuu kina upana wa mita 2.4. Picha za kwanza zilipofika, wataalamu walihuzunika: kila nyota ilizungukwa na ukungu. Waligundua kwamba ukingo wa kioo ulisuguliwa kupita kiasi. Kosa hilo lilikuwa dogo kuliko unene wa unywele, lakini lilitosha kuutawanya mwanga.

Wataalamu hawakukaa bure. Walijua hasa jinsi kioo kilivyotawanya mwanga wa nyota moja. Kwa hiyo kompyuta iliweza kuhesabu kinyumenyume na kuurudisha mwanga karibu na mahali pake. Walitumia hesabu iliyobuniwa na William Richardson mwaka 1972 na Leon Lucy mwaka 1974. Picha za dhoruba kubwa nyeupe iliyotokea katika sayari ya Zohali mwaka 1990 zilinolewa kwa kompyuta.

Hata hivyo, vitu hafifu sana havikuweza kuokolewa, kwani mwanga wake ulipotelea katika chembechembe. Mwezi wa Desemba 1993 wanaanga walisafiri hadi kwenye darubini hiyo, wakaweka vifaa vya kusahihisha kosa la kioo. Hapo ndipo picha zilipokuwa safi. Unaona, basi, kwamba kunoa kulisaidia sana, lakini hakukuchukua nafasi ya kioo kizuri.

KUHIFADHI PICHA

Namba za picha huwekwa katika faili. Faili ziko za aina nyingi, na kila aina ina kazi yake.

FITS ni aina iliyoanza kutumiwa na wanajimu wa sayansi tangu mwaka 1981. Hutunza namba zote, pamoja na maelezo kama vile tarehe na darubini iliyotumika.

TIFF nayo inaweza kutunza namba nyingi. Faili ya biti 16 ina ngazi 65,536 za mwanga, kutoka giza hadi weupe.

JPEG huwa na ngazi 256 tu kwa kila rangi. Ili faili iwe ndogo, hutupa sehemu ya habari za picha. Kila ikibadilishwa na kuhifadhiwa upya, habari nyingine hupotea. Ukiinoa, alama za miraba zilizoachwa na upungufu huo hujitokeza.

Kwa sababu hiyo, nolea picha katika FITS au TIFF. Tengeneza JPEG mwishoni, kwa ajili ya kuwaonyesha watu.

Programu nazo hazifanani. Faili moja ya FITS inaweza kuonekana nyeusi katika programu moja na angavu katika nyingine, au ikapinduliwa juu chini. Namba zake hazikubadilika. Kilichobadilika ni namna ya kuzionyesha. Tena, kipimo cha kunoa cha programu moja si sawa na cha nyingine. Usinakili kipimo tu. Tazama picha yenyewe.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Tunza picha ya asili bila kuigusa. Fanya kazi juu ya nakala.
2. Tafuta wastani wa picha nyingi kabla ya kunoa.
3. Noa kidogo kidogo, ukilinganisha na picha ya asili kila mara.
4. Kitu kipya kikitokea, kitafute katika picha nyingine iliyopigwa mbali na ile ya kwanza. Kisipokuwapo, usikitangaze.
5. Andika hatua zote ulizofuata, ili mwingine aweze kuzirudia.

MASWALI

1. Kwa nini nyota humetameta?
2. Noa mstari huu kwa njia ya Jaribio la 2: 1, 1, 1, 4, 7, 7, 7.
3. Taja tofauti mbili kati ya FITS na JPEG.
4. Kwa nini kompyuta haikuweza kuokoa vitu hafifu sana katika picha za Hubble?
5. Rafiki yako amenoa picha ya Mwezi, akaona mstari mweusi ukingoni, akasema amegundua bonde. Utamshauri afanye nini kabla ya kuwaambia watu?