Picha Zikaazo Moyoni



Mtoto mmoja wa darasa langu alikataa kula ugali wa nyanya yake, aliyemlea tangu mama yake alipokufa. Siku mbili alikuja shuleni na njaa. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa sauti ndogo: «Mwalimu, nimemwona akigeuka mnyama.»

Kumbe hakumwona nyanya yake. Alikuwa ameingia usiku katika kibanda cha sinema kule sokoni, akaona mwanamke mzee akigeuka mnyama na kuwala wajukuu wake. Tangu hapo uso ule haukumtoka machoni.

Jambo hili si la kuchekwa. Mnajua wenyewe: neno moja la mtoto laweza kumfukuzisha mzee kijijini. Basi tujifunze.

1. Kwa nini picha hukaa moyoni?

Mtu akiogopa, moyo hupiga mbio, mwili hutetemeka, na akili hulishika sana jambo lililomtisha, ili ajikinge siku nyingine. Ndivyo tukumbukavyo mahali tulipokutana na nyoka. Lakini mwili huogopa hata nyoka wa picha. Tena mtoto mdogo hajui bado kutenga mambo ya kweli na mambo ya kuigiza. Kwa hiyo yeye huumia zaidi.

2. Picha hizo hufanywaje?

Mwaka 1960, huko Marekani, Alfred Hitchcock alitoa sinema iitwayo Psycho. Ndani yake mwanamke anauawa kwa kisu akiwa anaoga. Wengi walidhani wameona kisu kikimchoma; kumbe karibu hakionekani kikigusa mwili. Damu ilikuwa maji mazito ya chokoleti, maana picha hazikuwa na rangi. Sauti ya kisu ilikuwa ya kuchoma tikiti. Siku 7 zilitumika kutengeneza mauaji yasiyofika dakika moja! Mengine moyo wa mtazamaji uliyaongeza wenyewe.

Hata Janet Leigh, aliyemwigiza mwanamke yule na kujua hila zote, alieleza kwamba baada ya kuitazama sinema hiyo aliogopa kuoga namna ile. Basi tusimcheke aogopaye.

3. Hofu humdhuru asiye na kosa

Mwaka 1975 ilitoka sinema iitwayo Jaws, ya Steven Spielberg, juu ya samaki mkubwa wa baharini aitwaye papa, alaye watu. Papa yule alikuwa mashine, tena aliharibika mara kwa mara majini. Lakini watu wengi waliogopa kuoga baharini, na wengine wakaenda kuwawinda papa wa kweli. Peter Benchley, aliyeandika kitabu cha hadithi hiyo, alisikitika, akafanya kazi ya kuwatetea papa mpaka alipokufa mwaka 2006.

Ikiwa samaki waliuawa kwa sababu ya mashine, je, mzee wa kijijini hawezi kuumizwa kwa sababu ya picha? Kumbukeni, Amri ya nane yatukataza kumsingizia mwenzetu.

4. Tufanye nini?

Wazazi, jueni watoto wanatazama nini, kibandani na hata katika simu. Mtoto akitishwa, msimpige wala msimnyamazishe. Mwacheni aeleze yote mchana, kisha mwonyesheni jinsi picha ile ilivyofanywa.

Mimi nilichukua majivu na makaa, nikampaka mwanafunzi mmoja usoni mbele ya wote, mpaka akawa wa kutisha. Kisha akanawa. Yule mtoto akatazama maji yale meusi muda mrefu. Jioni nilimsindikiza nyumbani. Nyanya yake akatuandalia ugali na sombe, nikatangulia kula. Mtoto alikawia. Mwishowe akanawa mikono, akamega.

Maswali

1. Kwa nini jambo la kutisha halisahauliki upesi?
2. Damu ya sinema ya mwaka 1960 ilikuwa nini?
3. Mtoto akimsingizia mzee kwa sababu ya picha, utafanya nini kwanza?