Makovu ya Mapafu: Yanavyotokea na Tahadhari kwa Mtumiaji

Katika vijiji vya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, moshi wa kuni ni sehemu ya kazi. Chakula hupikwa juu ya mafiga, na samaki hubanikwa kwa saa nyingi ili wafike sokoni bila kuharibika. Anayekaa karibu na moto huo kwa miaka mingi huweza kupungukiwa na pumzi. Tumeandaa somo hili ili mtumiaji aelewe kinachotendeka kifuani mwake kabla hajatoa fedha kununua tiba.

Kovu hutokeaje?

Ngozi ikikatwa, mwili huziba jeraha kwa kovu. Pafu nalo hufanya vivyo hivyo. Moshi au vijidudu vya kifua kikuu vinapojeruhi vifuko vya hewa, seli za kinga hutoa kemikali za kupashana habari ziitwazo saitokini. Baadhi yake, kama vile TNF na intalukini-1, huita seli nyingine za kinga, na uvimbe hutokea. Nyingine, hususan TGF-beta, huziamuru seli za ujenzi zitengeneze kolajeni, yaani nyuzi imara za kuziba jeraha. Jeraha likipona, amri hiyo hukoma. Likitoneshwa kila siku, amri huendelea: nyuzi hurundikana, pafu hukakamaa, na oksijeni huingia kwenye damu kwa shida.

Je, kovu huondoka?

Kovu lililokomaa haliondoki. Dawa za hospitali kama vile pirfenidone na nintedanib hupunguza kasi ya baadhi ya makovu, haziyafuti. Kwa hiyo, anayeuza chupa ya “kusafisha mapafu” akiahidi kuondoa makovu anauza ahadi asiyoweza kuitimiza. Hasara yake si fedha tu, bali pia muda ambao mgonjwa angeutumia kupata matibabu.

Tunashauri yafuatayo:

1. Ukikohoa kwa wiki 2 au zaidi, nenda ukapimwe kifua kikuu. Vipimo na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Maliza dozi hata ukipata nafuu.

2. Kabla ya kununua dawa, hakikisha imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Dawa za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Dai risiti na uitunze.

3. Tumia kuni zilizokauka vizuri. Banika samaki mahali palipo wazi, ukikaa upande upepo unakotoka, na watoto wawe mbali.

4. Usitegemee kitambaa puani. Chembe ndogo kabisa za moshi hupenya kitambaa hicho na kufika ndani ya pafu.

Kinga ni nafuu kuliko tiba. Moshi unaoepukwa leo ni jeraha moja pungufu, na kila jeraha linalopungua huacha nafasi ya pumzi.